Kompyuta Yenye Pengo

3 Februari

Mdogo wangu, Bwana Toleo Jipya,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama dada na mara ya pili kama fundi wa meno bandia, kwa sababu ina pengo. "Dada, ujambo? Abari za nyumbani? Mimi sina abari." Nilidhani umelewa. Ndipo nikakumbuka kwamba H ya kompyuta yako ilikufa tangu mwaka juzi, na wewe, mfasiri mzima, mtu anayelipwa kwa ajili ya herufi, umekaa nayo hivyo hivyo.

Sasa sikia aibu yako ilivyotufikia huku. Lile tangazo la mlangoni ulilotufasiria hapa kliniki, "Ukichelewa hutahudumiwa," ulilituma limeandikwa "Ukicelewa utaudumiwa." Karani akalibandika bila kulisoma. Wagonjwa wakafurahi. Wiki ile walikuja wakati tunafunga, wamejaa tabasamu, na wengine hata meno ya kutabasamia hawakuwa nayo. Daktari mkuu alilibandua kwa mkono wake, akaniuliza kama huyo mfasiri ni ndugu yangu kweli. Nikamwambia ni wa kambo.

Hayo yote ningeyameza. Lakini wifi yangu mtarajiwa, mpima macho wa chumba cha pili, naona yanamkwama kooni. Wewe mwenyewe ulimwambia, nami nimekaa palepale: shirika la vitabu likinipa kazi nanunua laptopu mpya, nikinunua laptopu naanza kazi, nikianza kazi tunafunga ndoa. Shirika limeshakupa kazi. Fedha ya laptopu unayo, hilo hulikatai. Imebaki kuvaa viatu na kwenda dukani. Wanaume wengine wamezuiwa kuoa na vita, wengine na maradhi. Wewe umezuiwa na prosesa.

Nunua, uje uoe. Au nieleze unangoja nini. Na hiyo simu yako iwashe, maana kumwandikia barua mtu mwenye simu ni ujinga ambao umenitia wewe.

Dada yako,
Fundi Meno

11 Februari

Dada,

Hujambo. Habari. Heshima. Hodi hodi. Umeziona? H zimerudi zote. Nimeinakili H moja kutoka kwenye kazi yangu ya zamani, na kila ninapoihitaji naibandika kwa vidole viwili. Inachosha kidogo, lakini mtu mwenye akili hashindwi na kitufe. Na usinitajie tena habari ya kununua kibodi ya kuchomeka pembeni. Sitaki kompyuta inayotembelea gongo.

Simu nimeizima kwa sababu watu wa simu husema kabla ya kufikiri. Barua inamlazimisha mtu kupanga maneno. Wewe barua haikulazimishi kitu, lakini hilo ni tatizo lako.

Unauliza nangoja nini. Nitakueleza polepole, kama kwa mtu wa meno. Laptopu zilizopo madukani ni za mwaka jana. Mwezi wa sita inatoka prosesa mpya, na betri ya kufanya kazi kutwa bila chaja. Anayenunua leo ananunua mzoga. Jirani yangu wa juu, mhasibu, alinunua mwishoni mwa mwaka. Akaja kunionyesha, anaipangusa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Haukupita muda likatoka toleo lenye kioo bora zaidi na bei ile ile. Sasa nikikutana naye kwenye ngazi anatazama viatu vyake. Mimi sitatazama viatu vyangu mbele ya mtu.

Mpima macho ni mwanamke mwenye akili, ndiyo maana nilimchagua. Ataelewa. Mwambie subira yavuta heri.

Mdogo wako,
Mfasiri

20 Februari

Bwana Toleo,

Subira yavuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za Kiswahili. Wewe unayeishi kwa Kiswahili umeokota moja tu, ile inayokuruhusu kukaa.

Nimekuelewa, usidhani sikukuelewa. Mwezi wa sita likitoka hilo, watakuambia mwezi wa kumi na mbili linakuja jingine, na wewe utakaa kitako tena, umekunja mikono, unawacheka wanunuzi. Juzi alikuja mama mmoja hana jino hata moja la juu. Nikamwambia kuna aina nyepesi zaidi inasemekana iko njiani, kama anapenda kuisubiri. Akaniuliza hadi siku hiyo atakuwa anatafuna kwa nini, kwa masikio? Nikamtengenezea haya yaliyopo. Leo kapita mlangoni anakula karanga.

Sasa weka pembeni kiburi chako usome vizuri. Mpima macho ameitwa na hospitali kubwa ya macho, mbali, ng'ambo ya mipaka yote unayoijua. Mkataba wa miaka, na nyumba ndani yake. Wanataka jibu mwisho wa mwezi wa tatu. Aliponiambia hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anakaza skrubu ya miwani ya mteja, akamaliza kukaza kwanza, akamvisha mteja, akamuaga. Kisha akasema:

"Wifi, niulizie neno moja tu. Nitangoja tena, au sitangoja tena? Asinipe sababu. Sababu zake nazijua kwa kichwa."

Kwa hiyo ni hilo moja. Wewe unatafuta kompyuta ya kunasa wifi ya mbali, na mimi wifi yangu yuko ukuta wa pili na huwezi kumnasa. Jibu, na ujibu kwa kalamu kama watu.

Fundi Meno

2 Machi

Dada,

Hilo ni tishio, na ni tishio la kitoto. Hospitali gani ya maana inayomtaka mtu kwa haraka namna hiyo? Wakimtaka kweli watamtaka na mwaka ujao. Mwanamke anayeweza kukaa siku nzima akibadilisha vioo mbele ya jicho la mtu, "hiki au kile, hiki au kile," anashindwaje kungoja miezi michache aone kwa uwazi?

Isitoshe kuna habari mpya. Ile prosesa imesogezwa hadi mwezi wa tisa. Wajinga wamekasirika, lakini mimi nimefurahi, kwa sababu kinachocheleweshwa ndicho kinachotengenezwa vizuri. Nikinunua sasa na kuanza kazi ya shirika kwa mashine ya kizamani, nitaimaliza kizamani, na ndoa nayo itaanza kizamani. Mimi napanga msingi. Nyinyi mnataka kuezeka.

Kalamu mwachie mtu wa kutia sahihi. Na hilo neno moja mnaloliomba ni kichekesho. Mambo ya maana hayajibiwi kwa neno moja, hata mtoto wa shule anajua. Nipe muda.

Mfasiri

9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimempa aisome mwenyewe, mimi mdomo wangu una kazi nyingine. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye "tishio la kitoto" akacheka, na kile kicheko sikukipenda. Mtu akikukasirikia bado yuko nawe. Akianza kukucheka peke yake, ameshaondoka.

Jana nimemwona amenunua sanduku. Nimemuuliza la nini, akasema la nguo.

Mchagua jembe si mkulima. Hilo nalo ni la Kiswahili, nakuongezea bure. Neno moja, kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo mimi si tarishi wako.

Dada

17 Machi

Dada,

Naandika haraka. Feni ya kompyuta inanguruma, kioo kinazimika na kuwaka, na duka la kuchapishia linakaribia kufunga.

Jana nilikwenda kutazama laptopu. Muuzaji ni mtu mwenye tai fupi na maneno marefu. Nilimuuliza kuhusu prosesa, akanijibu kwamba zipo za rangi mbili, nyeusi na ya fedha. Hawa ndio tuliowakabidhi elimu ya karne hii. Hata hivyo sikuondoka. Nilizunguka pale nikibonyeza H za mashine zote, moja baada ya nyingine, na kila niliyoibonyeza ilitokea kwenye kioo. Nikafikiri mambo ambayo siyaandiki hapa kwa sababu utayacheka.

Lile neno moja nimelipata. Mwambie atangoja tena. Ndilo jibu langu, na safari hii silibadilishi, hata prosesa ya malaika ishuke leo hii. Mengine nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso.

Najua utashangaa. Shangaa basi.

Mfasiri

24 Machi

Bwana,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Nilimsomea barua yako chumbani kwake, kati ya mteja na mteja. "Mwambie atangoja tena." Nikairudia, kwa sababu sikuamini macho yangu, ingawa kwa jinsi ninavyokujua ningeamini hata nikiwa nimefumba. Yaani hata prosesa ya malaika ikishuka leo, bado atangoja! Zamani angalau ulikuwa na kisingizio. Sasa umefanya kungoja kuwa dini, na unataka tushangae.

Akaniomba karatasi. Akavaa miwani yake akaitazama, akaitazama, muda mrefu kuliko barua yenyewe ilivyo ndefu. Nikamuuliza anatafuta nini humo. Akasema hatafuti kitu, ameisoma. Akaikunja, akaitia mkobani, akamwita mteja aliyekuwa anafuata. Jioni ile ile alitia sahihi ule mkataba, na kalamu aliazima kwangu. Anaondoka mwisho wa mwezi huu.

Nimekudharau kwa mengi tangu utotoni. Nilikudharau ulipokataa viatu vya shule kwa sababu mwaka uliofuata mguu wako ungekuwa mkubwa zaidi, ukaenda peku hadi walimu wakamwita mama. Lakini dharau zile zilikuwa na hasira ndani yake, na hasira ni nusu ya mapenzi. Hii ya leo ni dharau tupu. Naiona imekaa hapa mezani pamoja na meno ya watu, baridi kama yalivyo meno ya watu.

Kaa na kompyuta yako. Mna pengo, nyote wawili.

Fundi Meno

30 Machi

Dada, dada yangu,

Naandika kwa kalamu. Utanisamehe mwandiko, mkono umesahau.

HATANGOJA. Nilikusudia hatangoja. Mwambie HATANGOJA tena! Kwamba nakuja, kwamba imetosha. H moja, Dada. Nimeitoa nakala niliyobaki nayo, nimehesabu H zote nilizobandika, "haraka," "hawa," "hata hivyo," zote zipo, zimesimama kama askari, isipokuwa hiyo. Nilipofika kwenye neno lenyewe moyo ulikuwa unanienda mbio, kidole kikaruka, duka linafunga, nikachapisha nikatia kwenye bahasha.

Laptopu nimenunua. Nilinunua siku ile ile niliyokwenda dukani, kwa yule yule mwenye tai fupi, toleo hili la sasa, mzoga kama nilivyokuwa nikiuita. Ndicho nilichotaka kumweleza uso kwa uso. Lipo boksi hapa mezani, sijalifungua, nilitaka tulifungue pamoja. Umeona sasa maana ya "silibadilishi"? Umeona kwa nini nilisema utashangaa?

Na wewe! Wewe uliyenicheka kwa "utaudumiwa," wewe uliyejua kwamba kompyuta hii inameza H na kumgeuzia mtu maneno mdomoni, hukujiuliza? Umenidharau muda mrefu hata macho yako hayafanyi kazi tena. Uliliona baya ukalipokea kama mgeni uliyemtayarishia kiti.

Simu nimeiwasha. Yake haipatikani, na yako inaita bila majibu. Barua hii naipeleka mwenyewe kwa dereva wa basi la asubuhi. Ikikufikia kabla hajaondoka, kimbia. Mwambie ni H tu.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Barua imenikuta ameshaondoka. Hata hivyo nilikwenda nayo hadi chumbani kwake, sijui kwa nini. Nikamkuta mpima macho mpya, mwanaume mwenye sauti kubwa, anapanga vitu vyake. Aliponiona akaniuliza kama nina miadi.

Unaniuliza kwa nini sikujiuliza. Ni kwa sababu "atangoja tena" ndiyo sentensi unayotuandikia tangu tukujue, isipokuwa ulikuwa ukiinyoosha kwa kurasa mbili. Ungeandika "hatangoja," hapo ndipo ningejiuliza kama kompyuta imeanza kuongeza herufi zake yenyewe. Usinitupie mimi kidole kilichoruka. Niliomba kalamu mara ya kwanza, ukaniambia kalamu ni ya watia sahihi. Haya, ametia.

Simu yako niliiona ikiita. Mikono yangu ilikuwa imejaa plasta ya kutengenezea meno, na hata kama isingekuwa hivyo nisingepokea. Usiku nililia kidogo, na sikulia kwa ajili yako. Nilikuwa nimemzoea ukutani pale, anagonga tukanywe chai.

Anwani yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mwandikie mwenyewe. Mimi ukarani wa mapenzi yako nimejiuzulu.

Dada yako, bado

8 Mei

Mfasiri,

Barua yako nimeipata. Ndiyo mara ya kwanza kuuona mwandiko wako, na sasa naelewa kwa nini ulikuwa unauficha.

Umetumia kurasa tatu kunieleza habari ya H. Ungeokoa wino. Niliiona siku ile ile.

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu herufi ukutani na kuwauliza wanaona nini. Wako wanaotaja herufi wasiyoiona. Wanakisia, wanataja wanayodhani inapaswa kuwa pale, ili wamalize waende nyumbani. Nawatambua upesi, kwa sababu kwako nami nilikuwa mmoja wao. Ulipoandika "bado" nilisoma "karibu." Ulipoandika "mwezi wa sita" nilisoma "kesho." Ulipoandika kwamba mimi ni mwanamke mwenye akili nitaelewa, nilijitahidi nikaelewa, na nilijivunia hivyo.

Dada yako aliposoma "atangoja tena," nilijua hata kabla hajairudia. Mtu kama wewe hajivunii kuahirisha, anakuzungushia maneno. Ile "silibadilishi" haikuwa ya mtu anayeahirisha. Niliomba karatasi nihakikishe tu, na pengo nikaliona wazi. Ningeweza kusema palepale. Dada yako angeruka kwa furaha, angekutukana kidogo, nawe ungekuja na boksi lako, na harusini watu wangesimulia jinsi bibi harusi alivyoiokota herufi ya bwana harusi. Wangecheka sana. Wewe ungecheka kuliko wote.

Nikaifikiria hadithi hiyo nikaona siitaki. Uliwahi kuniambia, kwa majivuno, kwamba hakuna kazi inayotoka mikononi mwako bila kuisoma mara tatu. Hata tangazo la sabuni, ulisema. Neno nililokuomba mimi lilikuwa moja, na nililiomba nikiwa na mkataba wa watu mezani. Hukulisoma hata mara moja, kwa sababu ungelisoma ungeliona. Uliliandika, ukalikunja, ukaenda zako ukiwa na hakika kwamba upande wa pili yuko mtu atakayekujazia. Na alikuwepo. Amechoka tu.

Dada yako usimlaumu. Alisoma kilichoandikwa, jambo ambalo mimi nilikuwa sijawahi kulifanya.

Mimi nami nilinunua laptopu, wiki ile niliyofika. Niliingia duka la kwanza nikaiomba iliyokuwa mbele. Prosesa yake siijui wala sikuuliza. Naandikia taarifa za wagonjwa na inazitunza.

Mwishoni unaomba ruhusa ya kuningoja hadi mkataba wangu uishe, na umeandika kama mtu anayetoa zawadi. Ngoja ukipenda, ufundi huo unao. Mimi sirudi.

Mpima macho